Maswali ya Wasomaji: Dutu Moja, Rangi Nyingi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona picha ya chupa kadhaa zenye chembe ndogo mno za kadimi selenidi. Zote ni dutu ileile, lakini moja inang'aa buluu, nyingine kijani, nyingine nyekundu. Rangi hizo hutoka wapi, na yanayotendeka ndani ya chembe hizo hujulikanaje?

JIBU: Ndugu msomaji, kinachotofautiana ni ukubwa tu. Chembe za buluu huwa na kipenyo cha takriban nanomita 2, na nyekundu takriban 6, ambapo nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Elektroni iliyobanwa katika nafasi finyu kiasi hicho hulazimika kuwa na nishati zaidi, na kadiri chembe inavyopungua ndivyo pengo kati ya ngazi zake za nishati linavyopanuka. Elektroni ikishuka pengo hilo hutoa mwanga: pengo pana hutoa mwanga wa buluu, jembamba mwekundu. Katika bonge la kawaida la dutu hiyo pengo hilo ni elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) 1.74 hivi; katika chembe ya nanomita 2 hupita 2.5.

Pengo hilo hupimwa kwa spektroskopia. Mtafiti hupitisha mwanga kwenye kimiminika chenye chembe, akianzia mwekundu kuelekea urujuani, na kuangalia ni upi unaofyonzwa. Mwanzoni mwanga hupita bila kuguswa na mstari wa grafu hulala chini. Kisha hupanda ghafla na kufanya kilele, kwa kuwa hapo fotoni, yaani punje moja ya mwanga, imefikia nishati ya kuivusha elektroni pengo. Baadaye hupimwa mwanga ambao chembe zenyewe huutoa, nao kwa kawaida huwa na nishati pungufu kidogo.

Upana wa kilele nao una habari, na kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wa kazi hii. Chembe zisipolingana, kila moja huweka kilele chake mahali tofauti kidogo, na jumla yake huwa mwinuko butu. Ndiyo maana njia ya kutengeneza chembe zinazolingana, iliyotolewa mwaka 1993 na Moungi Bawendi na wenzake, ilithaminiwa sana. Mwaka 2023 yeye, Louis Brus na Alexei Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao juu ya chembe za aina hii.

Hata hivyo, chembe zikipimwa kwa pamoja huficha mengi. Watafiti walipoichunguza chembe mojamoja katika miaka ya 1990, waliiona ikiwaka na kuzima bila mpangilio ingawa mwanga wa leza ulikuwa haukatiki. Elektroni moja ikitoroka, chembe hubaki na chaji, na nishati ya fotoni zinazofuata huishia kuwa joto mpaka elektroni irudi.