Kabla Tume Haijaleta Ramani

Mashirika madogo yanayonijia kutaka ushauri kuhusu mipaka ya uchaguzi huanza karibu yote na swali moja: tutapataje eneo bunge letu wenyewe? Huwaambia kwamba hilo ni swali la mtu anayetafuta kiti. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 89, imeweka maeneo bunge 290, basi. Mkipata ninyi jipya, kuna wenzenu waliopoteza lao. Shirika linalosema linatetea haki liwe tayari kwenda kuketi na hao wenzenu na kuwaeleza kwa nini.

Nimefanya kazi ya kuhamasisha wananchi hapa Pwani kwa miaka mingi, na imani yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kabla Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haijafika kwenu kupitia upya mipaka. Ramani ikishachorwa, wengi hubaki kulalamika tu.

Anzeni na hesabu. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296. Gawanya kwa 290, unapata kama watu 164,015 kwa kila eneo bunge. Katiba inaruhusu idadi hiyo kuzidi au kupungua kwa asilimia 40 katika miji mikuu na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Sasa tazama Lamu Mashariki: watu 22,258. Ni visiwa, usafiri ni wa mashua, na Katiba yenyewe inataka jiografia na njia za mawasiliano zizingatiwe. Hata hivyo pengo ni kubwa mno. Mwaka 2012 maeneo bunge 27 yasiyofikisha idadi yalibakizwa kwa sababu Jedwali la Sita la Katiba lilikataza mapitio ya kwanza kufuta eneo bunge lolote lililokuwepo. Kinga hiyo iliandikiwa mapitio yale ya kwanza. Watu wa sehemu hizo wanastahili kuambiwa ukweli huu mapema, tena na mtu asiyewaomba kura.

Vitabu vya sensa vina idadi ya watu hadi kwenye kata ndogo. Chapisheni kurasa za kwenu, mbandike ukutani, mjumlishe hadharani. Mwananchi aliyejumlisha mwenyewe hadanganywi kirahisi.

Hesabu peke yake haitoshi, maana watu hawaishi kwenye jedwali. Kikao kimoja tulikifanyia darasani, shule ya msingi. Wazee walishikilia mpaka ufuate mto kwa kuwa ndivyo ulivyokuwa tangu zamani. Mama mmoja muuza samaki akainuka, akauliza ni nani humo ndani amewahi kuuvuka mto ule wakati wa masika kwenda kuulizia basari ya mtoto. Hakuna aliyejibu. Kisha akatutajia njia yake ya kila siku: soko, zahanati, stendi ya matatu, shule ya wanawe, vyote viko ng'ambo hii. Ofisi ya mbunge iko ng'ambo ya pili. Tuliyaandika maneno yake vile vile alivyoyasema, tukaweka na majina ya kata ndogo alizozitaja. Huo ndio ushahidi wa uhusiano wa kiuchumi na kijamii ambao kifungu cha 89 kinautaka, na hakuna mtaalamu ambaye angeuleta kwa uwazi zaidi. Kwa hiyo ulizeni watu wanakwenda wapi, msiwaulize tu wanataka mpaka upite wapi. Na wanawake wapeni kikao chao. Kwenye baraza la chifu wengi hunyamaza.

Waraka wa maoni mtakaoipa tume uwe mfupi: kata ndogo mnazotaka zihamishwe, idadi ya watu itakayobaki pande zote mbili, na sababu. Upande wa pili ukikosekana, mnaonekana wachoyo.

Mheshimiwa atawaletea gari, maji na fulana. Kataeni kwa adabu, hata kama nauli ni shida. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, inakataza shirika kupigia debe chama au mgombea, na fulana moja yenye picha yake inatosha kuwaharibia jina kijiji kizima.

Mipaka tuliyo nayo ni ya 2012. Mapitio yalipaswa kufanywa ndani ya miaka 12. Machi 2024 ikapita tume ikiwa haina kamishna hata mmoja, na wapya wakaapishwa Julai 2025. Ucheleweshaji huo unaniuma, ila umetupa muda wa kujiandaa. Mipaka mipya ikishatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, mna siku 30 tu za kwenda Mahakama Kuu, nayo iamue ndani ya miezi mitatu. Siku 30 hazitoshi kutafuta wakili, kukusanya viapo na kuanza kuuliza nani ana kumbukumbu za kikao. Orodha za mahudhurio zenye sahihi, picha za zile karatasi za ukutani na nakala ya waraka iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ziwe kwenye faili moja tangu sasa, na watu wawili wajue lilipo.