Sahihi ya mahudhurio barazani si ridhaa

SWALI: Mhariri, hapa kwetu kisiwani Lamu kuna mtu anayetaka kujenga kituo cha kutengenezea mboji kwa taka za sokoni na samadi ya punda, karibu na visima tunavyotumia. Chifu aliita baraza, tukaelezwa habari za ajira, tukatia sahihi karatasi iliyopitishwa, tukaenda zetu. Sasa tunaambiwa kwamba wakazi tulikwisha kukubali. Je, sahihi zile zinatufunga?
Msomaji, Lamu

JIBU: Haziwafungi. Karatasi ya mahudhurio huthibitisha kwamba mlikuwepo, basi; haisemi mlielezwa nini wala mlijibu nini. Hata hivyo, karatasi kama hiyo huambatanishwa na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inayopelekwa NEMA, yaani mamlaka ya kitaifa ya mazingira inayotoa leseni, na afisa asiyewajua anaweza kuisoma kana kwamba ndiyo ridhaa yenu, kwa hiyo msikae kimya.

Lamu mna mfano wenu wenyewe. Mnamo Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa dhidi ya leseni za NEMA, lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba mikutano na wakazi ilifanywa kabla ya utafiti kukamilika, hata watu wasipate kuyajadili matokeo yake. Mboji si makaa ya mawe, nami binafsi ningependa samadi igeuzwe mbolea kuliko iachwe vichochoroni. Lakini swali la kuuliza ni lile lile: mlipokaa barazani, ripoti ilikuwepo?

Iombeni ripoti hiyo kwa maandishi, kwani Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari, kisha pelekeni maoni yenu NEMA kabla muda uliotajwa kwenye tangazo lake la kualika maoni haujaisha. Neno "hatutaki" peke yake halina uzito, kwa kuwa uamuzi huu haupigiwi kura. Andikeni mambo yanayoweza kuwekwa kuwa masharti ya leseni: maji machafu yanayochuruzika kutoka kwenye biwi yatazuiwaje yasifike visimani, biwi litageuzwa kila baada ya siku ngapi, maana likikosa hewa ndipo linaponuka, na kusi ikivuma, harufu itaelekea mtaa upi. Leseni ikitolewa bila hayo kujibiwa, mna siku 60 za kukata rufaa mbele ya jopo hilo hilo.