Maswali na Majibu: Je, Hii Ndiyo Vuli?

Katika toleo hili tumeyaweka pamoja maswali manne yanayohusu jambo moja, nalo ni hali ya hewa ya kugeukageuka ambayo wakazi wa Mtwara na Lindi huiona karibu kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mvua zinaposhika Desemba. Swali la kwanza ni refu, na jibu lake pia limekuwa refu, kwa sababu ndani yake mna fedha za mtu.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mkulima mdogo wa korosho hapa Mikindani. Wiki iliyopita imenichanganya akili. Jumatatu kulikuwa na upepo wa kusi na ubaridi wa asubuhi kana kwamba tuko Julai. Jumanne bahari ikawa shwari na joto likatuzidi hata watu wakalala uani. Jumatano alasiri likaja wingu jeusi kutoka bara, upepo wa ghafla ukang'oa mabati ya jirani, kisha mvua ya ngurumo ikanyesha kama robo saa na kukata. Alhamisi jua tupu. Ijumaa upepo ukageuka ukavuma kutoka kaskazini mashariki. Jumamosi mawingu kutwa nzima bila tone. Jumapili alfajiri manyunyu, na saa tatu jua likawa kali. Korosho zangu zilizokuwa zimeanikwa ziliroa mara mbili. Redioni nilimsikia mtangazaji akisema mvua za vuli zimeanza, na jirani yangu tayari amepanda mahindi. Je, hii ndiyo vuli? Nami nipande? – Mkulima, Mikindani.

JIBU: Salaam zako zimefika, ndugu yetu, na pole kwa korosho. Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Vuli si msimu wetu. Pwani ya kaskazini, yaani Tanga, Dar es Salaam, mkoa wa Pwani na visiwa vya Unguja na Pemba, pamoja na nyanda za juu kaskazini mashariki na mikoa inayolizunguka Ziwa Victoria, hupata mvua mara mbili kwa mwaka: vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Sisi wa Lindi na Mtwara, kama wenzetu wa Ruvuma, tuna msimu mmoja tu, unaoanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za vuli peke yake na ule wa mvua za msimu peke yake. Mtangazaji anayesoma taarifa ya vuli kwa nchi nzima bila kutaja mikoa inayohusika humfanya mkulima wa Mikindani aongozwe na mvua ya Tanga, na kosa hilo, kwa maoni yangu, lina gharama kubwa kuliko tunavyolichukulia.

Wiki uliyoieleza ina jina la zamani. Wazee wa pwani huita kipindi hiki tangambili, na wengine maleleji, kwa sababu kusi imechoka na kaskazi haijashika, hivyo nahodha hajui atatweka tanga upande gani. Kusi husukumwa na eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa lililoko kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene. Kati ya Juni na Agosti eneo hilo huwa na nguvu. Kuanzia Oktoba hulegea, lakini halilegei siku moja. Hupungua, likapata nguvu tena kwa siku mbili tatu, kisha likapungua zaidi. Jumatatu yako ya baridi ilikuwa moja ya nguvu hizo za mwisho, na Jumanne upepo ulipokatika, joto likabaki bila wa kulipunguza.

Nalo joto hilo lina sababu yake. Mikindani ipo takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na jua katika safari yake ya kwenda kusini hupita juu ya vichwa vyetu karibu na tarehe 20 Oktoba, kisha hurudi kupita tena katika siku za kuanzia 20 Februari. Simamisha kijiti wima siku hizo yapata saa sita mchana, utaona kivuli chake karibu hakipo. Ardhi iliyokaa miezi mingi bila mvua hupata moto upesi, hewa iliyo juu yake hupanda, na unyevunyevu unaoletwa na upepo wa baharini hupanda nao hadi kuwa wingu la radi. Mawingu ya namna hiyo hukua bara mchana na kuanguka alasiri, na upepo uliong'oa mabati ulikuwa hewa baridi iliyoshuka kwa kasi kutoka ndani ya wingu na kutangulia mvua kwa dakika chache. Wavuvi wa ngalawa wanaufahamu vizuri, nao hawangoji matone ndipo washushe tanga.

Manyunyu ya Jumapili alfajiri yana asili nyingine. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, upepo wa bara huelekea baharini, nao ukikutana na hewa yenye unyevu inayokuja kutoka mashariki, mawingu hujitengeneza karibu na ufuo na kumwaga maji kabla ya jua kupanda. Kaskazi ya Ijumaa ilikuwa kionjo tu. Itashika kweli pale ukanda mvua, yaani mahali pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana, utakaposhuka hadi kwetu, na kwa kawaida hilo hutokea kuelekea Desemba.

Sasa korosho. Mvua ya robo saa haiharibu korosho kwa siku hiyo. Kinachoharibu ni kuzikusanya zikiwa mbichi na kuzifunga kwenye gunia kwa hofu ya wingu linalofuata. Joto la ndani ya gunia huleta ukungu, punje hubadilika rangi, na ukifika kwenye chama cha msingi mzigo hushushwa daraja. Nasema hivi kwa uchungu, kwani msimu mmoja nilifanya hivyo hivyo na magunia mawili, nikayauza kwa bei ambayo sitaitaja mbele ya mke wangu. Katika wiki kama hii okota kila siku badala ya kungoja zijae chini ya mti, tenganisha korosho na bibo, yaani tunda lake, siku ile ile, na uanike kwenye mikeka au majamvi unayoweza kuyakunja na kuyaingiza ndani kwa dakika tano, au kwenye sakafu ya saruji yenye mteremko. Turubai la plastiki linafaa kufunikia tu, maana ukianikia juu yake maji hayana pa kwenda. Jua kali la siku mbili au tatu kwa kawaida linatosha. Chukua chache uzitikise sikioni: zilizokauka hulia ndani ya ganda, na ukibonyeza ganda kwa ukucha haliachi alama. Tumia gunia la juti, liweke juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kuhusu jirani na mahindi yake, sitaki kuwagombanisha, lakini mimi nisingepanda. Mvua mbili za ngurumo hulowesha juu tu, mbegu huota, kisha siku kumi za jua huumaliza mche ungali na majani mawili. Chimba kwa mkono baada ya mvua uone unyevu umefika wapi: ukikuta udongo mkavu kabla hujafikia kina cha kiganja, hiyo mvua bado si yako. Anayetaka kutangulia ni afadhali atangulie na muhogo, ambao huvumilia, au apande mbegu chache na kubakiza nyingi ghalani. Hata msimu ukishashika, kumbuka kwamba mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari mvua za huku hukatika mara nyingi kwa wiki moja au mbili, na mahindi yaliyokuwa yakichanua wakati huo ndiyo huumia zaidi.

SWALI: Shikamoo. Bibi yangu hapa Lindi anaikumbuka dhoruba ya mwaka 1952. Kila upepo ukigeuka mwezi wa Novemba yeye hutuambia tutoe vitu nje na tufunge madirisha. Je, ni kweli kwamba wiki za kugeukageuka ndizo huleta kimbunga? – Mjukuu, Lindi mjini.

JIBU: Marahaba. Kumbukumbu ya bibi ni sahihi: kimbunga kiliipiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952. Tazama mwezi huo, kisha utazame vingine. Kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019, na watu wa Mtwara walioishi karibu na bahari walielekezwa kuhamia sehemu salama. Hidaya kilikaribia Mafia tarehe 4 Mei 2024, kikapungua nguvu, lakini mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, Kilwa. Vyote vitatu vilikuja katika tangambili ile nyingine, ya mwisho wa kaskazi, wakati maji ya bahari yamekwisha kupata joto la miezi mingi. Sisemi kwamba Novemba haiwezekani. Nasema kwamba hofu ya bibi ingefaa zaidi ikihamishiwa Aprili.

Vimbunga ni vichache kwetu kwa sababu huhitaji msaada wa mzunguko wa dunia ili vijizungushe, na msaada huo hupungua kadiri tunavyokaribia ikweta. Vingi vinavyozaliwa katika Bahari ya Hindi upande wa kusini magharibi huelekea Madagaska na Msumbiji, au hugeuka na kuishia kwenye maji baridi ya kusini. Wingu la Novemba linalong'oa bati moja ni la saa moja na la mtaa mmoja, ilhali kimbunga hutangazwa siku kadhaa kabla, na kila kituo cha redio huwa kinakitaja kwa jina. Lakini bibi akisema madirisha yafungwe, yafungeni. Radi ya Novemba nayo huua.

SWALI: Mwalimu wetu ametufundisha kwamba nchi za mbali zina majira manne, na moja ni majira ya machipuo. Je, sisi Nachingwea tuna machipuo? Maana mwezi wa Oktoba nimeona miti msituni ikitoa majani mekundu kabla mvua hazijanyesha. – Mwanafunzi wa kidato cha pili.

JIBU: Hongera kwa kutazama mwenyewe badala ya kutegemea kitabu peke yake. Machipuo ya Ulaya huletwa na mwanga na joto. Mjini London siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hupishana kwa karibu saa tisa, hivyo mti uliolala wakati wa baridi huamka siku zinaporefuka. Kwetu tofauti hiyo haizidi saa moja na robo, na hakuna baridi ya kuulaza mti. Kinachoulaza ni ukavu.

Ajabu uliyoiona ndiyo hiyo: miti ya miombo haingoji mvua. Wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza, katika joto kali kabisa, hutoa majani machanga ya rangi ya shaba na wekundu ambayo baadaye hugeuka kijani. Mizizi yake hufika chini kulikobaki maji, na shina huwa limehifadhi akiba. Kwa hiyo mvua ikifika, majani yako tayari kufanya kazi. Ukitaka kuyaita machipuo, sitakukataza, mradi ujue kwamba ya kwetu huja Septemba na Oktoba wakati ya London huja Machi hadi Mei, na kwamba anayechipua hapa anachipua kwenye vumbi. Mwembe wa kwenu pia utautazama: wakati mvua zinaanza, maembe huwa tayari yananing'inia.

SWALI: Kwa nini nikitoka Mtwara mjini kwenye jua nafika Newala nakuta ukungu na manyunyu? – Dereva wa basi dogo.

JIBU: Kwa sababu umepanda, ndugu dereva. Uwanda wa Makonde huinuka polepole kutoka pwani hadi kufikia mamia ya mita upande wa Newala, na hewa yenye unyevu inayotoka baharini hupanda nao, ikapoa, ikawa wingu pale pale barabarani. Ukisimama kwenye ukingo wa Newala asubuhi ya namna hiyo na kutazama chini, mara nyingi utaona bonde la Ruvuma lina jua. Washa taa, punguza mwendo, na wiki za tangambili usimwahidi abiria saa ya kufika.