Barua za Wasomaji: Fudstempu zimekatwa, nifanye nini?

Miezi hii barua nyingi zinazoingia kwenye safu hii ni za fudstempu, yaani SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali ya Marekani unaoingia kwenye kadi ya EBT kila mwezi. Zinatoka Ohio, Kentucky, Iowa, Texas, Maine, kokote tulikojazana Waswahili huku. Nimechagua tano, nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Kabla sijajibu hata moja niseme kitu maana barua karibu zote zinapita hapo hapo. Ofisi ya fudstempu inatakiwa ikupe mkalimani wa Kiswahili BURE, iwe kwa simu au ukienda mwenyewe, ni haki inayotokana na sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964. Sio lazima mtoto wa darasa la tano ndo akae anakutafsiria barua ya serikali. Mtoto atakusomea kile alichokielewa tu, na kwenye hizi barua kinachouma huwa kipo kwenye aya ya tatu, ile yenye tarehe. Ukipiga simu sema "Swahili interpreter, please" alafu kaa kwenye laini, usikate hata wakikuweka nusu saa unasikiliza muziki.

*

Dada habari. Sisi ni Wakongo, tulikuja Ohio 2023 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mimi, mume wangu na watoto wanne, mdogo kazaliwa hapa hapa. Tumepata barua kwamba sheria imebadilika na wakimbizi hawapewi tena fudstempu, kesi imefungwa yote. Lakini mimi na watoto wawili tuna grini kadi tayari, mume na mmoja bado wanasubiri. Je ndo basi tena?

Hapana mama, sio basi, na barua yako inaonyesha kuna makosa ya ofisi ndani yake.

Ni kweli sheria ilibadilika. Ilisainiwa tarehe 4 Julai 2025 na ndani yake waliondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye orodha ya wanaostahili SNAP. Sasa wanaobaki ni raia, wenye grini kadi (kile kibali cha kuishi hapa kwa kudumu), na makundi mengine machache. Inauma, maana mkimbizi kaletwa na serikali yenyewe kwa ndege, kisheria kabisa, alafu anaambiwa chakula hapana. Mimi naona ni uonevu na nitaendelea kusema hivyo.

Lakini angalia nyumba yako mtu mmoja mmoja. Wewe na wale wawili mna grini kadi, kwahiyo mnastahili. Na mtu aliyekuja kama mkimbizi akapata grini kadi HASUBIRI ile miaka 5 ambayo wenye grini kadi wengine wengi husubiri kabla ya kupewa fudstempu, anastahili palepale. Hapa ndipo ofisi nyingi zilijichanganya, kwasababu waraka wa Oktoba 2025 kutoka wizara ya kilimo, ambayo ndo yenye SNAP, ulisomeka kana kwamba mkimbizi hata akipata grini kadi bado yuko nje, majimbo mengi yakaenda mahakamani, na Desemba wizara ikasahihisha. Sasa kama afisa wako bado anafanya kazi na karatasi ya Oktoba utaumia bure.

Mtoto aliyezaliwa hapa ni raia wa Marekani, hajawahi kuwa mkimbizi hata siku moja, hakuna sheria iliyomgusa. Kwahiyo kufunga kesi yote sio sawa. Walipaswa wawatoe mume na yule mtoto mmoja tu kwenye hesabu, nyie wanne mkabaki. Kiasi kitapungua ndio, na mshahara wa mume bado wataupigia hesabu kwa sehemu, ila hakiwezi kuwa sifuri kwa sababu ya sheria hiyo peke yake.

Fanya hivi. Chukua zile grini kadi, angalia mbele palipoandikwa Category. Ukiona RE6, RE7 au RE8 maana yake huyu aliingia kama mkimbizi, hiyo herufi RE ndo ushahidi wako kwamba husubiri miaka 5. Piga kopi mbele na nyuma, ongeza cheti cha kuzaliwa cha mtoto mdogo, peleka ofisini mwenyewe na uombe risiti yenye tarehe. Palepale mwambie afisa unataka "fair hearing", ndo kikao cha rufaa, mtaje hivo kwa Kiingereza asije akajifanya hajaelewa. Una siku 90 tangu ile barua. Na kwa wengine mnaosoma hapa ambao barua imefika ila kesi haijafungwa bado: kawaida wanatakiwa kukutaarifu angalau siku 10 kabla ya kukata, ukiomba rufaa kabla ya tarehe ya kukatwa mara nyingi unaweza kuendelea kupata kiasi cha zamani mpaka kesi iamuliwe. Ukishindwa watadai kile ulichopata katikati, kwahiyo omba hivo kama una uhakika na hoja yako. Wewe mama unayo hoja.

Kuhusu mume, mkimbizi anaruhusiwa kuomba grini kadi baada ya mwaka 1 hapa, form ni I-485 na mkimbizi halipii ada ya kuiwasilisha. Najua wengi wameomba na kimya, mwishoni mwa 2025 serikali ilisimamisha kesi za wakimbizi walioingia kuanzia 2021 ili izipitie upya. Kabla hajaitwa popote aende na karatasi zake kwa wakili wa uhamiaji au shirika lililowapokea, sio kwa yule jamaa wa mtaani anayejaza form kwa dola 200. Na wasije wakamtisha kwamba familia ikila fudstempu yeye atanyimwa grini kadi, kile kipengele cha kuwa mzigo kwa serikali hakimhusu mkimbizi anayeomba grini kadi kwa ukimbizi wake.

*

Mambo dada, sisi tulishinda loteri ya grini kadi kutoka Kenya, tuna miaka 2 Texas. Tumeambiwa hatustahili. Tuna watoto, 6 na 9.

Nyie wawili ni kweli mnangoja miaka 5, kadi zenu zitakuwa na herufi DV, yaani za loteri. Lakini watoto wenye grini kadi walio chini ya miaka 18 hawangoji. Waombeeni watoto, form mnajaza nyie ila wanaopewa ni wao, mapato yenu yatahesabiwa. Wengi wameambiwa "hamstahili" wakaondoka bila kuuliza hamstahili NANI.

*

Dada shikamoo. Tarehe yangu ya fudstempu ilifika, nikaenda dukani na toroli limejaa, kadi ikakataa. Kuangalia salio, dola mbili. Kuna mtu kanunua kwenye jimbo ambalo sijawahi kufika. Ofisi wanasema hawarudishi. Kweli?

Marahaba mwanangu, pole sana. Hiyo aibu ya kurudisha unga na mafuta kwenye shelfu na watu wamejipanga nyuma yako mimi naijua kupitia kwa wengi.

Kwa bahati mbaya kwa sehemu kubwa wamekuambia ukweli. Kulikuwa na sheria ya kurudisha fedha za SNAP zilizoibwa kwa njia hii, ikaishia kwenye wizi wa mpaka tarehe 20 Desemba 2024. Baada ya hapo hela ya serikali kuu hairudishi tena, ila kuna majimbo machache yanarudisha kwa mfuko wao wenyewe, kwahiyo uliza jimbo lako na uandike ripoti hata kama wanasema hapana. Piga ile namba iliyo nyuma ya kadi leo hii uifunge hiyo kadi upewe nyingine.

Wanaibaje? Wanabandika kifuniko feki juu ya mashine ya kupitishia kadi, kinasoma ile mistari myeusi ya sumaku, na namba yako ya siri wanaipata kwa kifuniko cha vitufe au kikamera. Kadi nyingi za EBT hazina chipu kama za benki, ndo maana wanazipenda. Kabla hujapitisha kadi ishike mashine uivute kidogo kwa mkono, feki hulegea. Badilisha namba ya siri siku moja kabla ya hela kuingia, maana wezi wanasubiri tarehe hiyo hiyo na wanazoa usiku wa manane wewe umelala. Achana na 1234 na mwaka wa kuzaliwa. Majimbo mengi yanatumia programu ya ebtEDGE au ConnectEBT kwenye simu, na kwingi unaweza kuifunga kadi ukimaliza kununua na kuifungua ukifika dukani. Na ile meseji inayosema "kadi yako imefungwa, bonyeza hapa" ifute, ofisi haikuulizi namba ya siri kwa meseji.

*

Dada nina shida kubwa sana. Nafanya kazi ghala usiku, Kentucky. Mwaka jana walitupa ovataimu nyingi. Nilimwambia keswoka, yule afisa wa kesi yangu, kwa simu. Sasa imekuja barua nadaiwa dola 2,300 na kuna karatasi nyingine wanataka nisaini, rafiki yangu anasema nisaini yaishe. Nina mke na watoto wawili.

Kaka USISAINI. Soma hapa taratibu.

Hizo ni karatasi mbili tofauti na mambo mawili tofauti. Ya kwanza inasema ulipewa zaidi ya ulichostahili. Hiyo inaweza kutokea bila wewe kuwa na kosa, hata ofisi yenyewe ikikosea hesabu bado inadai, na kama unaendelea kupata fudstempu wanakata kidogo kidogo, asilimia 10 ya msaada au dola 10 kwa mwezi, kile kilicho kikubwa.

Ya pili, ukiona maneno "waiver of administrative disqualification hearing", hiyo inasema ULIDANGANYA MAKUSUDI na unaachia haki yako ya kusikilizwa. Ukisaini unafungiwa fudstempu mwaka 1 kwa mara ya kwanza, miaka 2 kwa mara ya pili, ya tatu maisha. Na lile neno udanganyifu litabaki kwenye faili lako, siku unaomba uraia utaulizwa. Usiposaini, wao ndo wanatakiwa walete ushahidi mzito kwamba ulikusudia, na mtu aliyempigia keswoka simu akamtajia ovataimu yake hakukusudia kuficha kitu.

Kwahiyo tafuta rekodi ya ile simu. Kampuni ya simu ina orodha ya namba ulizopiga na dakika ulizoongea, itoe na uiwekee alama siku ile. Alafu omba ofisi wakupe hesabu yao mwezi kwa mwezi kwa maandishi, kaa na mkeo mezani na peistabu zako zote, zile karatasi za malipo ya mshahara, mlinganishe. Mara nyingi wanachukua wiki mbili zenye ovataimu nyingi wanafanya kana kwamba mwaka mzima ulilipwa vile. Kama hesabu sio sahihi omba rufaa ndani ya siku 90. Na kabla ya yote piga simu ofisi ya msaada wa kisheria ya bure iliyo karibu na wewe, inaitwa legal aid, kesi hizi wanazijua.

Kwa kwenda mbele, familia nyingi zinatakiwa kutoa taarifa pale mapato ya mwezi kabla ya makato yakipita kiwango kilichoandikwa kwenye barua yao. Kwa watu 4 ni dola 3,483, mpaka Septemba 2026. Taarifa hiyo iende mpaka tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Usiishie kuongea kwa simu, tuma peistabu kwenye mtandao wa jimbo na upige skrini shoti ya pale palipoandikwa imepokelewa.

*

Mimi ni mama wa miaka 57, naishi peke yangu, nina grini kadi ya muda mrefu. Naambiwa nifanye kazi masaa 80 kwa mwezi la sivyo nakatwa. Magoti yangu hayanibebi. Alafu interviu walinipigia nikiwa kliniki sikupokea, wamefunga.

Pole mama yangu. Zamani hilo sharti la kazi liliishia miaka 54, ile sheria ya 2025 imelipandisha hadi 64, kwahiyo mama zetu wengi wamejikuta ndani. Asiyetimiza anapata miezi 3 tu katika miaka 3. Lakini mtu ambaye afya yake haimruhusu kufanya kazi hahusiki. Ofisi ina form ya daktari, iombe, mpelekee daktari wa hayo magoti aandike wazi kwamba huwezi kufanya kazi, sio tu kwamba "anaumwa magoti", hilo la pili wanalikataa.

Ya interviu isikukatishe tamaa. Ukikosa simu wanatakiwa wakuandikie barua kwamba umekosa, na wewe unaomba tarehe nyingine. Kama ni marudio ya kila mwaka na kesi imefungwa, ukikamilisha kila kitu ndani ya siku 30 baada ya kufungwa wanatakiwa waifungue bila kuanza upya, ila watakuhesabia kuanzia siku uliyokamilisha, kwahiyo kila siku unayochelewa ni chakula kinaondoka. Piga kesho asubuhi mara tu wanapofungua. Ile namba ya ofisi hifadhi kwenye simu yako kwa jina FUDSTEMPU, maana wakipiga huwa inakuja namba ngeni na sisi tumezoea kudhani ni matapeli. Na ukiwa unangoja, nenda benki ya chakula ya karibu, nyingi haziulizi karatasi za uhamiaji.