Kabla ya kuandika orodha ya kazi, uliza kila kazi inahitaji nini

Ushauri mwingi wa kupanga siku huandikwa kwa mtu mwenye umeme wa uhakika, gari lake mwenyewe na ofisi yenye mlango wa kufunga. Hapa Uganda, mwenye duka Kikuubo katikati ya Kampala, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere anayekaa Kireka, au wakala wa kutoa mizigo pale mpakani Malaba hana siku ya namna hiyo. Kazi zake hukwama kwa kuwa zimepangwa saa ambayo kinachohitajika hakipo: umeme umekatika, karani ameenda kula, au kichwa kimechoka kwa foleni ya Jinja Road.

Anza na daftari. Kwa siku tatu za kazi, andika saa kila unapobadilisha shughuli: "saa 2:10 simu, saa 2:35 mteja, saa 2:50 simu tena". Usingoje jioni ndipo ukumbuke, maana jioni kila mtu hujiona alikuwa mchapakazi. Siku ya nne, jumlisha dakika katika mafungu manne tu: kazi yenyewe, njia, kusubiri na simu. Fungu la kusubiri ndilo huwashangaza wengi. Taksi ya abiria 14 haiondoki stejini mpaka ijae, na dakika hizo za kukaa kwenye kiti watu huwa hawazihesabu kama safari.

Sasa chukua kazi zako zote na uiwekee kila moja herufi. A ni kazi ya akili: hesabu, kuandika, kusoma kwa mtihani. U ni ya umeme au mtandao. W ni ya watu, yaani lazima mtu fulani apatikane. M ni ya miguu, ya kwenda mahali. Kazi yenye herufi mbili ni ya hatari, na ikiwa na tatu karibu kila mara itakwama. "Kulipa kodi ya biashara", kwa mfano, ina W kwa mhasibu, U kwa kujaza fomu, na A kwa kupanga risiti. Ivunje vipande vitatu, kila kipande kianze na kitendo: panga risiti za mwezi, mpigie mhasibu, jaza fomu. Risiti unaweza kuzipanga hata gizani kwa taa ya simu.

Kazi za A zipewe saa za mwanzo. Ikweta inapita humu nchini, kwa hiyo jua la Kampala huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima, kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi hivi. Ratiba ya alfajiri ukiizoea Januari, hutaibadilisha Julai. Lakini kuamka mapema bila kulala mapema ni kujidanganya: mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Sogeza saa ya kulala kwa dakika 15, kaa hapo siku nne au tano, kisha sogeza tena. Wanaoruka saa nzima kwa mkupuo mmoja hurudi walikotoka kabla wiki haijaisha.

Kuna mtindo maarufu wa Mwitaliano Francesco Cirillo wa miaka ya 1980: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Unafaa kwa kazi unayoiogopa, kwa sababu dakika 25 hazimtishi mtu. Kwa hesabu au uandishi ni fupi mno. Ndipo unaanza kushika uzi, kengele inalia. Jaribu 45 au 50, kisha 10 za kusimama na kunyoosha mgongo.

Simu je? Kuizima kabisa ni ushauri wa mtu asiye na wateja. Zima data, acha simu za kupigwa ziingie. Mwenye haraka atapiga. WhatsApp ifunguliwe kwa saa maalumu, tuseme saa 4 na saa 9, na uandike saa hizo kwenye wasifu wako ili watu wasinung'unike.

Kwa kazi za U, kanuni ni moja: umeme ukiwepo, chaji kila kitu, hata kilichobaki na nusu. Uniti za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, nunua zikiwa bado zinatosha siku mbili, kwa sababu mtandao wa pesa za simu unaweza kugoma usiku uleule unaohitaji ile tokeni ya tarakimu 20. Benki ya chaji ya mAh 20,000 haichaji simu ya mAh 5,000 mara nne. Sehemu ya nguvu hupotea kama joto inapopandishwa volteji, kwa hiyo tegemea mara mbili na kitu, karibu tatu ikiwa bado mpya.

Kazi za M zikusanye siku moja. Anzia ofisi yenye foleni ndefu na ufike kabla haijafunguliwa. Sokoni malizia, maana mizigo hukuchelewesha. Bahasha moja ikae tayari: nakala mbili za kitambulisho cha taifa, picha mbili za pasipoti, kalamu. Kinachowarudisha watu nyumbani mara nyingi ni nakala moja iliyokosekana. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, usiweke miadi miwili iliyobanana, kwani mvua ikishuka boda zote hujificha chini ya vibaraza.

Muda uliokadiria ongeza nusu yake. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba watu hukadiria muda mfupi kuliko unaohitajika hata wakijua kazi za namna hiyo zilichelewa zamani. Saa mbili ziandike tatu.

Tabia mpya ifunge kwenye jambo usiloliacha: baada ya sala ya alfajiri, baada ya chai, ukishafungua duka. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake huko London, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, ulikuta tabia huzoeleka kwa wastani wa siku 66, wengine 18 tu, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Endelea kesho yake, usianze kuhesabu upya.

Jumapili jioni pitia orodha. Kazi iliyohamishwa mara tatu ina tatizo: ama ni kubwa na haijavunjwa, ama ni ya mtu mwingine, ama huitaki. Ya kwanza ivunje, ya pili mpe mwenyewe na mkubaliane siku, ya tatu ifute na umpigie anayeisubiri ajue.