Fadhila moja, mwezi mmoja: kwa Mkristo anayeanza

Kila mwaka baada ya Pasaka yanatokea yale yale. Aliyebatizwa usiku wa mkesha anarudi nyumbani na orodha: hatasema uongo tena, hatakasirika, pombe ya waragi basi, atasali asubuhi na jioni, atapatana na shemeji. Ikifika Pentekoste, siku 50 tu, orodha imeshasahaulika na mwenyewe anaona haya hata kuja kwenye jumuiya. Nia alikuwa nayo. Alichokosea ni hesabu: alibeba mizigo mitano kwa wakati mmoja, na kila mmoja unataka nguvu zote za mtu.

Fadhila ni mazoea ya kutenda mema. Mazoea hayaji kwa kuapa, yanakuja kama mkono unavyozoea jembe au cherehani, kwa kurudia tendo lile lile dogo. Kwa hiyo chukua fadhila moja, uishike mwezi mzima. Usiichague kwa uzuri wa jina lake. Ichague kwa saa na mahali unapoangukia. "Nataka kuwa mpole" ni maneno yasiyo na pa kushika. "Nikirudi jioni, kabla chakula hakijaiva, nawafokea watoto" ni kitu chenye mlango wa kuingilia. Tena ukikichunguza utaona nusu ya hasira hiyo ni njaa na uchovu: kikombe cha chai kabla ya kufika nyumbani kinaweza kukusaidia kuliko maazimio kumi. Hakuna aibu katika hilo. Mwili nao ni wa Mungu.

Kama hujui uanzie wapi, anza na ukweli, kwa sababu uongo unahesabika na upole hauhesabiki kirahisi. Na uanze na uongo mdogo wa simu. Mtu yuko kwenye teksi, jamu imewashika Bweyogerere, anayemsubiri anapiga, naye anataja mahali pa mbele ambapo hajafika, bila hata kufikiri: "Nimeshafika Nakawa." Abiria wote wanasikia, hakuna anayeshtuka, maana kila mmoja ana Nakawa yake. Dawa yake ni kusahihisha siku hiyo hiyo, ikiwezekana kabla hujashuka. Piga tena: "Samahani, bado niko Bweyogerere." Simu hiyo moja inauma, na kwa sababu inauma inafundisha. Baada ya mara tatu au nne utakuta ulimi umeanza kusita wenyewe kabla ya kutaja Nakawa.

Kuna njia ya kuhesabu aliyoifundisha Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliyefariki 1556, na mpaka leo hatujaona iliyo rahisi kuliko hiyo. Chukua daftari la shule. Chora jozi saba za mistari, jozi moja kwa kila siku ya wiki. Mistari ya Jumapili iwe mirefu, ya Jumatatu mifupi kidogo, iendelee kufupika hadi Jumamosi, kwa kuwa unatazamia makosa yapungue. Mstari wa juu ni wa tangu kuamka hadi chakula cha mchana, wa chini ni wa tangu hapo hadi kulala. Asubuhi jikumbushe kwa dakika moja ni kosa gani unajilinda nalo leo. Mchana pitia saa moja moja, na kila ulipoanguka weka nukta. Usiku fanya vilevile. Na palepale unapoanguka, weka mkono kifuani. Unaweza kufanya hivyo mbele za watu na hakuna atakayejua maana yake. Usiku linganisha mstari wa chini na wa juu, kesho linganisha siku na siku, mwisho wa wiki linganisha wiki na wiki.

Jihadhari na mambo haya. Usiandike maelezo, weka nukta tu, na juu ya ukurasa herufi moja ya kosa. Daftari huokotwa, na madhambi yako si ya kusomwa na mpangaji mwenzako. Wiki ya pili nukta huongezeka, na hapo ndipo wengi wanaacha wakidhani wameharibika zaidi. Hawajaharibika, ni macho yamefunguka: uongo uliokuwa ukipita kama upepo sasa unaonekana. Endelea. Hatari ya upande wa pili ni ukurasa mweupe. Siku tatu bila nukta, mtu anaanza kuwatazama wenzake kwa jicho la juu, na hapo amebadilisha kilema kimoja kwa kingine kibaya zaidi. Daftari mwonyeshe padri, mchungaji au mzee mnayeaminiana mara moja kwa mwezi. Walokole wana desturi nzuri ya kuambiana ukweli katika ushirika, ila mambo ya mwili na ya ndoa yasemwe kwa mmoja, si kwa kikundi.

Mwezi wa pili, kwa anayeuza na kununua, tunashauri haki. Hapa lazima tukae kidogo.

Soko kubwa la Kampala ambalo wote tunaliita Owino lina jina rasmi la Mtakatifu Balikuddembe. Ukiuza chini ya jina la shahidi, anzia kwenye kopo lako. Njia za kupunja zinajulikana: kopo lililobonyezwa kitako, kidole gumba kinachoingia ndani wakati wa kupima, mizani ambayo mshale hauanzii kwenye sifuri, maharage yaliyonyunyiziwa maji, nyanya nzuri juu na zilizopondeka chini. Kama kopo ulilikuta kwa mwenye kibanda cha kwanza na hujui historia yake, lipime kwa maji. Kopo la lita moja linapokea chupa mbili za nusu lita. Likianza kumwagika kabla chupa ya pili haijaisha, limepunguzwa, na sasa umeshajua. Kisha piga hesabu: gramu 50 zikipotea kwa kila kilo, gunia la kilo 100 lina kilo 5 za watu.

Kutubu hakutoshi mali ya watu ikiwa bado iko mfukoni. Zakayo, katika Luka 19, hakuishia kusema samahani. Alitaja nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Wewe huenda hutaweza mara nne. Unayemjua, mrudishie. Usiyemjua, kama wateja wa miaka mitatu waliopita, mapokeo ya Kanisa yanasema fungu lao liende kwa maskini, kimyakimya, siyo kwenye harambee linapotangazwa jina lako. Kitu ambacho hakisaidii ni kumpunja mteja wa asubuhi ili utoe sadaka Jumapili. Na kila Juni 3 kuna watu wanaofika Namugongo, mahali pa hija ya mashahidi wa Uganda, kwa miguu kutoka mbali, hata Mbarara, nyayo zimechubuka, halafu Juni 4 kopo ni lile lile.

Ujasiri usiuchukue mapema. Anayeanza akiambiwa ujasiri anafikiri ni kupaza sauti, na wiki hiyo hiyo anagombana na konda, na mwenye nyumba na mama mkwe. Mtazame huyo Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi mwenye jina la soko. Aliuawa Novemba 15, 1885 baada ya kumlaumu Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kwa kuuawa kwa Askofu James Hannington, siku chache tu nyuma, Oktoba 29, huko Busoga. Balikuddembe alikuwa Mkatoliki, Hannington alikuwa Mwanglikana, na enzi hizo pande hizo mbili zilikuwa zikivutana pale ikulu. Hakutetea watu wake. Alitetea haki ya mgeni wa upande mwingine, mbele ya bwana wake mwenyewe, bila kumtangaza sokoni. Utaratibu wa kuonya uko katika Mathayo 18: kwanza wewe na yeye peke yenu, akikataa nenda na mmoja au wawili, na kanisa ni la mwisho. Kundi la WhatsApp halimo katika hatua yoyote kati ya hizo.

Kiasi, yaani kujizuia, ni kifupi kusema, kirefu kutenda. Kwa Wakatoliki sheria ya kufunga ni mlo mmoja kamili na milo miwili midogo ambayo ikijumlishwa haifiki mlo kamili, kwa wenye miaka 18 hadi 59, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Lakini siku mbili kwa mwaka hazijengi mazoea. Jinyime kitu kidogo kila wiki, soda moja kwa mfano, na pesa yake itoke mkononi siku hiyo hiyo. Ikibaki, ulichofanya ni kubana matumizi. Mjamzito, mgonjwa wa sukari na anayemeza dawa zinazotaka chakula wasifunge.

Busara inaitwa dereva wa fadhila nyingine, na ina hatua tatu: kutafuta ushauri, kuamua, kutekeleza. Mwenye haraka anaruka ya kwanza, mwoga anakwama kabla ya tatu. Jiulize wewe unaharibikia wapi.

Imani, matumaini na mapendo hazitengenezwi kwa daftari, zinaombwa. Ila mapendo yana mikono, na pa kuizoeza ni wodini. Katika hospitali za serikali kama Mulago ya Kampala mgonjwa hutegemea ndugu zake kwa chakula, kufuliwa na kuogeshwa, na asiye na ndugu karibu anaonekana kwa shuka lake. Ukienda kumwona, chukua sabuni ya mche, maji ya kunywa, na uji kwenye chupa ya chai. Kabla ya kumpa chochote muulize nesi, kwa sababu anayesubiri upasuaji hatakiwi kula. Usimuulize anaumwa nini. Usihubiri. Uliza kama kuna nguo za kufua. Kaa dakika 15, omba pamoja naye akitaka, uondoke kabla hajachoka. Na uende Jumanne au Jumatano. Jumapili wodi imejaa wageni na vitabu vya nyimbo.