Fimbo ya kutafutia maji: ipimeni darasani

Mwalimu, umeuliza wanafunzi wako hapo Tanga wapimeje dai la fundi anayesaka maji ya kisima kwa fimbo ya panda, kwamba fimbo huinama penye maji. Usianze na mhadhara, anza na jaribio.

Chukua ndoo mbili zinazofanana, zenye mifuniko. Moja tia maji, nyingine mchanga. Kwanza mshika fimbo ajaribu zikiwa wazi na akubali kuwa fimbo inafanya kazi, asije akazilaumu ndoo baadaye. Kisha mwanafunzi mmoja arushe sarafu kuamua ipi ikae kushoto, aandike, atoke nje kabla mshika fimbo hajaingia. Hapa ndipo wengi huharibu: aliyepanga akibaki chumbani, macho yake tu yanatoa jibu. Futeni na matone sakafuni. Rudieni mara 20.

Kipimo kiandikwe ubaoni kabla ya kuanza. Kubahatisha huleta takribani 10. Kupata 15 au zaidi kwa bahati tupu hutokea kama mara 2 katika 100, basi 15 ndiyo iwe alama ya kufaulu.

Fimbo itainama kweli, na mshikaji si mwongo. Misuli husogea bila mwenyewe kujua. Mwanakemia Mfaransa Chevreul alilieleza hilo mwaka 1833 kwa uzito ulioning'inizwa kwenye uzi.

Halafu waulize swali zito kuliko yote: je, fundi aliwahi kuonyesha pasipo na maji, na pakachimbwa? Pwani maji ya ardhini yapo sehemu nyingi, hivyo kisima kilichotoa maji peke yake hakithibitishi fimbo.